Sindano ya Mifupa: "Mara Mbili kwa Mwaka" Haitoshi

Katika kuendelea na istilahi za afya, tumeona tufafanue sindano wanazopewa wagonjwa wa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungukiwa madini na kuvunjika kwa urahisi. Wafasiri wengi huziita zote "sindano za kuimarisha mifupa", ilhali kazi zake hutofautiana.

Mfupa hulika na kujengwa upya maisha yote. Teriparataidi, inayodungwa kila siku, huchochea ujenzi. Asidi ya zoledroniki hutiwa mshipani kwa dripu mara moja kwa mwaka. Hupunguza kulika, na hubaki mfupani muda mrefu. Denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, nayo huzuia kulika. Miligramu 60 hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6.

Hapa ndipo mfasiri awe mwangalifu. Denosumabu haibaki mfupani. Sindano ikikawia miezi kadhaa, mfupa huweza kulika kwa kasi kuliko kabla ya tiba, na pingili za uti wa mgongo zikavunjika, pengine kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo "mara mbili kwa mwaka" (tunakutana nayo mno katika kazi za wanafunzi) ni tafsiri ya hatari: mgonjwa aweza kudungwa Januari na Desemba, akaamini ametii. Tuandike "kila baada ya miezi 6, bila kuchelewa", kisha tuongeze kwamba asiiache kabla daktari hajampangia dawa nyingine ya kufuatia.