Unga Huu ni wa Nini?

Pipeline, mtaa ule wa Embakasi wenye maghorofa yaliyobanana, harufu ya chapati haikosekani. Asubuhi ni mandazi, mchana ni chapati kwa madondo, jioni ni smokie iliyofungwa ndani ya chapati ile ile. Kwa mwenye maradhi ya siliaki, vyote hivyo ni madhara. Gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huufanya mwili wake kujishambulia wenyewe na kuharibu utando wa utumbo mdogo. Mtoto hula akashiba, lakini hakui. Huhara, tumbo hufura, damu hupungua, na wazazi wakadhani ni minyoo au husuda. Daktari wa Kiholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeeleza katika tasnifu yake ya 1950 kwamba ngano ndiyo inayowadhuru watoto hao. Hadi leo hakuna tiba ila kuiacha maisha yote.

Lakini mama, usimwachishe mwanao ngano kabla ya kipimo cha damu. Ngano ikishaondolewa, alama zinazotafutwa hufifia, na kipimo chaweza kusema hana kitu.

Mahindi hayana gluteni. Asili yake ni Meksiko, na katika mikahawa ya Kimeksiko tako ya unga wa mahindi humfaa mgonjwa huyu, ilhali burito, ambayo ni ya ngano, haimfai. Kibandani hali ni hiyo hiyo: ugali, githeri, wali, ndengu na sukuma wiki ni vyakula vyake; chapati si yake. Vitumbua na mkate wa kumimina pia, maadamu ni mchele mtupu. Talbina, kwa kuwa ni shayiri, aiache.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika mafuta. Chipsi ni viazi tu, lakini zikikaangwa katika karai lililotoka kukaanga mandazi au sambusa, hazimfai tena. Samaki huenda alipakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa. Mchuzi huenda ulitiwa unga ili uwe mzito. Unga wa uji nao huenda ulisagwa katika kinu kilichotoka kusaga ngano.

Sisi tumezoea kuuliza nyama imechinjwa na nani, tena bila haya. Swali la unga si gumu kuliko hilo. Usimwambie muuzaji habari za gluteni, kwani neno hilo halimsaidii. Muulize: “Dada, mafuta haya yamekaanga mandazi leo? Mwiko huu umegusa chapati?” Nenda mapema, kabla unga haujaanza kuruka mezani, na uchukue sahani yako. Akisita kujibu, nunua ndizi na yai la kuchemsha, uende zako.