Zakatul Fitri: mchele wako umefika kabla ya swala ya Idd?

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho maongezi yetu vijana ni yale yale: kanzu mpya, viatu, Idd mosi tunakwenda Coco Beach au wapi. Sio vibaya. Idd ni siku ya kufurahi, na hata kufunga siku hiyo ni haramu. Lakini kuna swali moja ambalo nikiwauliza washkaji naona wanatazamana: zakatul fitri umetoa? Jibu kama kawa: "Ile si anatoa mzee nyumbani?"

Hapo ndipo pa kuelewana. Hadithi ya Ibn Umar, ambayo Bukhari na Muslim wote wanayo, inasema Mtume (S.A.W.) aliifaradhisha pishi moja ya tende au ya shayiri kwa kila Muislamu, mtumwa na muungwana, mwanamume na mwanamke, mdogo na mkubwa, na akaamuru itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Mzee anawatolea anaowajibika kuwalisha: mkewe, watoto wadogo, wazazi wake kama wanamtegemea. We mwenye kibarua chako na chumba chako cha kupanga Mbagala, pishi yako ni juu yako mwenyewe. Hata kama bado unalala kwa mzee lakini mshahara unapata, akitaka kukutolea basi muongee kwanza, umpe ruhusa. Isiwe kila mmoja anadhani mwenzie katoa.

Wengine wanasema mimi sina kitu, zakati ni ya matajiri. Hiyo ni zakati ya mali, yenye kiwango chake na mwaka wake. Hii ya fitri kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku Pwani na Visiwani, kipimo chake ni chakula: ukiwa na cha kukutosha wewe na unaowalisha kwa usiku na mchana wa Idd, kikabaki cha ziada, unatoa. Ndio maana hata masikini aliyeletewa pishi kadhaa kabla ya magharibi ya mwisho wa Ramadhani anaweza kutakiwa kutoa yake. Mimi napenda sana hapo, maana siku hiyo hata mpokeaji anakuwa mtoaji.

Pishi ni ngapi? Waliozaliwa miaka ya karibuni hawajui hata kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne, na ni kipimo cha ujazo, sio cha mizani, kwa hiyo ukipima mchele na ukipima mahindi kilo hazilingani. Wanazuoni wetu wengi wanataja kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Mimi natoa kilo 3 za mchele, yaishe. Iwe chakula kinacholiwa hapo mnapoishi, na Washafii wanataka nafaka yenyewe, sio unga. Pesa taslimu? Shafii, Malik na Ahmad wanasema chakula, Abu Hanifa anaruhusu thamani yake. Sitaki tugombane hapo, kila mtu amsikilize sheikh wake.

Kinachoniuma mimi ni muda. Ibn Abbas ameeleza kwamba zakati hii ni ya kumsafisha mfungaji na maneno ya upuuzi na machafu yaliyomponyoka, na ni chakula cha masikini, na anayeitoa baada ya swala imekuwa sadaka kama sadaka nyingine. Washafii wanasema kuipitisha swala ni makruhu, kuivusha hadi jua la siku ya Idd lizame bila udhuru ni dhambi, na deni linabaki palepale. Sasa mwaka juzi kwenye msikiti mmoja (siutaji) niliona magunia yanashushwa saa nne asubuhi, swala imeshakwisha, kina mama wamekaa barazani wanasubiri majina yaitwe. Mchele ule uoshwe saa ngapi, uive saa ngapi? Watoto wa jirani yangu walikunywa chai kavu wakatoka kwenda kutembea, huku nyumba ya pili pilau inanukia mpaka njiani.

Tatizo ni kwamba watu wanasubiri mwezi uandame. Mwezi ukitangazwa saa tatu usiku, maduka yamejaa, kila mtu yuko mbioni. Wala hakuna haja. Ibn Umar alikuwa akitoa siku moja au mbili kabla ya Idd, na Washafii wanaruhusu tangu Ramadhani inaanza. Peleka tarehe 28, mama wa watu apange mambo yake.

Kuna na hii ya simu. Ukimtumia shangazi kijijini pesa akununulie mchele na kuugawa, umemfanya wakala, inafaa. Ila weka na ya kutolea, maana makato sio zakati, kilo zisije zikapungua. Halafu mpigie umuulize kama mchele umeshafika kwa mwenyewe. Pesa iliyolala kwenye simu ya shangazi mpaka swala imekwisha haijalisha mtu. Na usiwape wazazi wako unaowajibika kuwalisha, hao ni haki yao tayari. Kaka, shangazi, jirani, kama ni masikini, wape.

Asubuhi yenyewe ni mepesi: koga, vaa kizuri ulicho nacho, kula tende kwa idadi ya witiri, toka unaleta takbira, rudi kwa njia nyingine. Hakuna adhana wala ikama, na hutuba inakuja baada ya swala, kwa hiyo msikimbie mkishatoa salamu. Na kama umeamka umesahau pishi yako, kanzu iache msumarini kidogo. Pitia dukani kwanza, gonga kwa jirani, ndio uelekee uwanjani.