Vyura wa milimani wanazidi kuwa wadogo: Je, wale wa Upemba na Kundelungu wako salama?

Ukitoka kando ya Ziwa Upemba, kwenye mwinuko wa karibu mita 585 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi nyanda za juu za Kibara zinazokaribia mita 1,800, unapoteza joto la takriban nyuzi 7. Chini kuna mafunjo, samaki na mbu. Juu kuna majani mafupi na vijito baridi, na katika miezi ya Juni na Julai usiku wake humfanya hata mwenyeji wa Lubumbashi atafute koti la pili.

Kwa binadamu tofauti hiyo ni ya koti tu. Kwa chura ni suala la maisha, kwa sababu chura hana namna ya kujitengenezea joto lake mwenyewe. Hewa ikiwa baridi, naye ni baridi, na ikipata joto, mwili wake wote huenda mbio. Ndiyo sababu, dunia inapozidi kupata joto, wanasayansi wameanza kuangalia jambo ambalo si rahisi kuliona kwa macho: urefu na uzito wa vyura wanaoishi milimani. Katika sehemu kadhaa ambako vipimo vya zamani na vya sasa vimelinganishwa, wanyama hao wamekutwa wakiwa wadogo kuliko waliokuwa kabla yao.

Ushahidi ulio wazi zaidi kutoka nchi za joto hautoki Afrika. Unatoka kisiwa cha Puerto Rico, kwenye milima ya El Yunque, anakoishi chura mdogo aitwaye coquí, jina linaloiga sauti yake. Mwaka 1983 mtafiti Peter Narins wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alirekodi sauti za vyura hao kando ya barabara inayopanda mlima. Kazi hiyo ilirudiwa mwaka 2006, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Katika kila mwinuko, sauti ilikuwa imepanda na mlio ulikuwa umefupika. Vyura wenyewe walikuwa wadogo zaidi. Sababu ya sauti kubadilika ni ile ile inayofanya ngoma ndogo ilie kwa sauti nyembamba kuliko ngoma kubwa.

Kwenye mlima huo, kama ilivyo kwenye milima mingine mingi, vyura wa juu ni wakubwa kuliko wa chini. Kwa hiyo kilichotokea katika miaka 23 ni kama mlima mzima umeshuka: anayeishi leo mahali pa juu anafanana na yule aliyekuwa akiishi chini yake zamani.

Mwaka huo huo wa 2014 ulitoka utafiti mwingine, safari hii kutoka milima ya Appalachia nchini Marekani. Huko hawakupimwa vyura bali salamanda, ndugu zao wenye mkia, ambao sisi huku kusini mwa Sahara hatunao. Watafiti, akiwemo Karen Lips wa Chuo Kikuu cha Maryland, walilinganisha vipimo vya wanyama 9,450 wa spishi 15, vilivyokusanywa kwa muda wa miaka 55. Spishi 6 zilikuwa zimepungua umbo. Kwa hesabu za watafiti hao, joto jipya liliufanya mwili wa salamanda utumie nishati zaidi kwa asilimia kati ya 7 na 8 ili tu uendelee kuishi.

Wastani uliotangazwa ulikuwa upungufu wa asilimia 8 hivi. Ni kidogo? Hebu tupige hesabu. Mnyama akipungua asilimia 8 kwa urefu, huku umbo lake likibaki na uwiano ule ule, anapungua pia kwa upana na kwa kimo. Ukizidisha yote matatu unapata kwamba amepoteza zaidi ya moja ya tano ya uzito wake. Mfanyabiashara wa soko la Kenya hapa Lubumbashi ambaye gunia lake la unga limepungua moja ya tano hawezi kusema ni jambo dogo.

Joto linavyokula mwili

Kuna njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni hiyo ya nishati. Mwili uliopata joto huchoma chakula haraka, hata mnyama akiwa amelala chini ya jiwe. Kama wadudu hawajaongezeka, kinachobaki kwa ajili ya kukua ni kidogo.

Njia ya pili huanzia majini. Kiluwiluwi anayelelewa katika maji ya vuguvugu huota miguu na kutoka majini mapema, akiwa bado mdogo. Dimbwi likianza kukauka kabla ya wakati, viluwiluwi wa spishi nyingi huharakisha mabadiliko hayo ili waokoe roho. Wanaokoka kweli, lakini wanaingia nchi kavu wakiwa na mwili mdogo, na wengi hawafidii upungufu huo baadaye.

Hapo ndipo balaa ya maji inapoingia. Chura hupumua kwa sehemu kupitia ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na maji yaliyomo ndani yake, hivyo hukauka haraka, kama kipande kidogo cha nguo kinavyokauka kwenye kamba kabla ya blanketi. Chura mdogo katika kiangazi kirefu ana saa chache zaidi za kujificha kabla hajafa kwa kukauka.

Tena kuna mayai. Jike mdogo hubeba mayai machache. Nchini Uingereza, Christopher Reading aliwafuatilia vyura wa kawaida wa Ulaya huko Dorset kuanzia mwaka 1983 hadi 2005. Aliona kwamba kadiri majira ya baridi yalivyopoteza ubaridi wake, majike walizidi kudhoofika, wakataga mayai machache, na wachache kati yao wakafikia mwaka uliofuata. Hakuna ugonjwa mkubwa uliowaangusha wala mtu aliyejaza bwawa lao udongo. Walikuwa tu wakitumia akiba yao ya mwili wakati ambao zamani wangelala usingizi wa baridi.

Hazina ya Katanga iliyoko Brussels

Sasa turudi nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939. Kati ya mwaka 1946 na 1949, mtaalamu wa wanyama Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza msafara mkubwa ndani yake, akikusanya wadudu, samaki, nyoka na vyura kutoka mabondeni hadi nyanda za juu, karibu na Lusinga. Sampuli hizo ziliandikiwa mahali zilipotoka, mwinuko na tarehe, zikapelekwa Ubelgiji. Kitabu baada ya kitabu kilitoka humo. Raymond Laurent alichapisha mwaka 1957 kile cha vyura wadogo wa matete, na mwaka 1959 Wamarekani Karl Schmidt na Robert Inger wakachapisha cha vyura waliobaki. Humo ndimo alimoelezwa kwa mara ya kwanza chura mwenye jina la kwetu, Ptychadena upembae.

Schmidt hakukiona kitabu hicho kikitoka. Mwaka 1957 mjini Chicago aliumwa na boomslang, nyoka wa Afrika aliyeletwa kwake ili amtambue, na akafariki siku iliyofuata. Alikuwa ameandika dalili zake mwenyewe karibu hadi mwisho. Wasomaji wanaofikiri kazi ya makumbusho ni ya watu wa kukaa kitini wakumbuke hilo.

Kwa maoni yangu, chupa zile za De Witte ni mali ambayo Haut-Katanga haijaitumia ipasavyo. Zinatuambia vyura wa mahali fulani, katika mwinuko fulani, walikuwa na urefu gani miaka zaidi ya 70 iliyopita, kabla joto la dunia halijapanda kama lilivyopanda leo. Ni wachache katika Afrika ya Kati wenye rejesta ya namna hiyo. Hata hivyo chupa hazijibu zenyewe. Mtu arudi kwenye bonde lile lile, katika mwezi ule ule, apime spishi ile ile.

Kuna sababu nzuri ya kuharakisha. Mlima mrefu kama Ruwenzori humpa chura nafasi ya kukimbia: joto likiongezeka kwa nyuzi 1, akipanda mita 150 au 170 anapata hewa aliyoizoea. Lakini Kundelungu na Kibara si milima ya ncha. Ni meza. Unapanda ukingo mkali, kule ambako maporomoko ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300, kisha unajikuta kwenye uwanda wa majani unaoenea hadi upeo wa macho. Aliyekwisha kufika juu ya meza hana pa kupanda tena. Spishi isiyopatikana popote pengine ila juu ya uwanda huo italazimika kubadilika hapo hapo, au itoweke hapo hapo.

Na joto haliji peke yake. Kila anayesafiri kutoka Lubumbashi kwenda Kasenga au Likasi ameona magunia ya makala yamepangwa kando ya njia. Miti ya miombo inapokatwa, jua linafika chini, majani makavu yanayohifadhi unyevu yanapotea, na vijito hupata joto hata kama kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Luano hakijabadilika. Chura haulizi kama joto hilo limetokana na moshi wa viwanda vya mbali au shoka la karibu.

Wanaopinga wanasema nini

Si wote wamekubali. Mara tu baada ya utafiti wa Appalachia kutoka, wataalamu wengine wa salamanda walijibu mwaka 2015 kwamba upungufu wa wastani unaweza kuwa na maelezo mengine. Ukikusanya vijana wengi kuliko wazee, wastani unashuka ingawa hakuna aliyedumaa. Tena sampuli iliyokaa kwenye dawa au pombe kwa miaka hujikunja kidogo, kwa hiyo kuilinganisha na mnyama aliye hai kunahitaji masahihisho. Hata katika utafiti wenyewe, spishi nyingi hazikuonyesha upungufu wa uhakika, na moja iliongezeka umbo.

Kuna pia kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura, iliyoangamiza spishi nyingi Amerika na Australia. Imeshathibitishwa kwa vyura wa mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2008. Mnyama mgonjwa naye hukonda. Atakayepima vyura wa Upemba itabidi apanguse ngozi zao kwa pamba na kupeleka pamba hiyo maabara, la sivyo atalitupia joto lawama ya kuvu.

Pingamizi hizi ni za haki, lakini hazifuti picha kubwa. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2023, iliyohusu spishi zaidi ya 8,000 za amfibia, ilikuta asilimia 41 ziko hatarini kutoweka. Kwa zile ambazo hali yake imekuwa mbaya zaidi tangu mwaka 2004, mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyotajwa kuwa sababu kuu katika asilimia 39.

Mkaazi wa Katuba ahangaike kwa nini?

Swali hilo ni halali katika mji ambao maji na umeme ni mashaka ya kila siku. Jibu moja linatoka Amerika ya Kati. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba baada ya vyura kuangamia kwa kuvu nchini Costa Rica na Panama, malaria iliongezeka katika wilaya zilizoathirika, kwa karibu mgonjwa 1 zaidi kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakati wa kilele. Vyura na viluwiluwi hula mbu na mabuu yao, au hugombea nao chakula majini. Costa Rica na Panama zina malaria kidogo sana. Sisi tunayo nyingi, na hakuna anayejua vizuri bei ya kupoteza wasaidizi hao.

Pia si kila aliyepotea amekwisha. Nchini Burundi, chura wa vidole virefu wa Bururi, aliyeonekana mara ya mwisho mwaka 1949, alipatikana tena mwaka 2011 katika msitu ule ule wa mlimani. Aliyemkuta alienda usiku, akasikiliza.

Kifaa cha kupimia chura ni cha bei ndogo: rula ya kubana inayosoma milimita, mizani midogo, kipimajoto, daftari. Ghali ni safari ya kwenda Lusinga kupitia Likasi na Mitwaba wakati wa mvua, ambapo barabara hugeuka tope, na usalama wa wanaokwenda, kwa kuwa makundi yenye silaha yamewahi kuifanya hifadhi hiyo kuwa mahali pa hatari kwa walinzi wenyewe. Vyura huanza kuita mvua za kwanza zinaponyesha, Oktoba au Novemba. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwenye simu inayorekodi sauti anaweza kuanza hata hapa mjini, kwenye mabwawa ya Kafubu, akiandika tarehe, saa na joto la hewa kwenye kila rekodi.