Mti wa Ubani na Haki Yake ya Kupumzika

Ni nyumba chache za Waislamu katika pwani yetu zisizo na chetezo. Siku ya maulidi, siku ya arusi, hata siku ya matanga, hutiwa makaa, ukatupwa ubani, na nyumba nzima ikanukia. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wajuao jasho la mtu aliyeupandia majabali ubani huo?

Ubani ni utomvu wa mti wa nchi kavu. Miongoni mwa nchi ziutoazo, mashuhuri ni Dhofar katika Omani, na milima ya kaskazini ya Somalia ielekeayo Ghuba ya Aden. Huko Somalia, katika Sanaag na Bari, mti huota hata juu ya mwamba mtupu, na haki ya kuugema hurithiwa katika ukoo. Mgemi hukwangua ganda kidogo. Utomvu mweupe hutoka kama machozi, na baada ya kiasi cha wiki mbili huwa umeganda. Huukusanya, kisha akalifungua tena jeraha lile lile. Aghalabu wanawake ndio wauchambuao na kuupanga kwa daraja zake.

Basi mti huu hutoa kwa kujeruhiwa. Ndiyo maana desturi njema ya ugemaji ni kwamba chale zisizidi, na mti upewe muda wa kupumzika. Usiopumzishwa hudhoofika, huingiliwa na wadudu, na mbegu zake nyingi haziwezi kuota.

Kwa nini basi desturi hiyo yavunjwa? Tegemeo la jamaa wengi wa huko ni mifugo na miti. Novemba 2020 kimbunga kiitwacho Gati kiliipiga Bari, kikamwaga kwa siku mbili mvua iliyozidi ya kawaida ya mwaka mzima. Na tangu mwisho wa mwaka huo hadi 2023, Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Wataalamu watuambia kwamba kuzidi kwa joto la dunia huzidisha ukali wa mambo hayo. Mbuzi wakiisha, hubaki kisu cha kugemea. Mtu amwonaye mwanawe ana njaa, tutamwambiaje aupumzishe mti? Na huku wanunuzi wa mafuta ya ubani katika Ulaya na Marekani wazidi kuongezeka.

Hatari hii si ya Somalia peke yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, juu ya aina nyingine ya mti wa ubani iotayo Ethiopia, Eritrea na Sudani, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya mahali palipochunguzwa hapakuwa na miti michanga. Moto, malisho na ugemaji wa kupita kiasi vyatajwa katika sababu. Wachunguzi walikadiria kwamba mavuno yatapungua nusu katika miaka ishirini.

Tufanye nini? Mwenye kufanya biashara ya ubani na amlipe mgemi thamani ya haki, kwani asiye na njaa ndiye awezaye kuupumzisha mti. Nasi wanunuzi tumuulize mwenye duka ubani wake watoka wapi, wala tusiupiganie urahisi upitao kiasi. Dini yetu yahesabu kupanda mti kuwa sadaka; kuuhifadhi ule uliooteshwa na Mola juu ya mwamba hakukosi kuwa na ujira. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.