Mashine ya Kapsuli za Kahawa: Piga Hesabu ya Mwezi Kabla ya Kulipa

Dadangu mkubwa ana mashine ya kahawa juu ya friji. Imefunikwa na kitambaa cha kufumwa, kile cha maua, na haijatoa kikombe hata kimoja tangu Aprili. Aliiona mtandaoni ikiwa kwa ofa, akalipa siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza kila mgeni alikaribishwa kahawa. Kisha zile kapsuli chache zilizokuja nayo zikaisha, na alipoenda kutafuta zingine akagundua aina hiyo haiuzwi kwa supamaketi yoyote karibu na kwake. Kuagiza kutoka nje ilikuwa inawezekana, lakini ada ya kusafirisha ilimfanya afunge simu.

"Nilinunua sufuria bila kuuliza unga unauzwa wapi," aliniambia.

Kama nawe umeanza kuangalia mashine hizi, soma hii kwanza. Si kwamba ni mbaya. Zina raha yake, hasa asubuhi ile unachelewa kazini. Shida ni kwamba wengi wetu tunaangalia bei iliyoandikwa kwa boksi, ilhali pesa nyingi zinaenda kwingine.

Inafanyaje kazi?

Kapsuli, ambayo wengine huiita podi, ni kikombe kidogo cha aluminiamu au plastiki chenye kahawa iliyosagwa na kufungwa isipate hewa. Unaiweka ndani ya mashine, mashine inaitoboa, inasukuma maji ya moto kupitia kahawa ile, na chini ya dakika moja kikombe kiko tayari. Hakuna kupima, hakuna kuchuja. Unalipia urahisi huo, na unaulipia kila kikombe.

Mashine ni king'amuzi, kapsuli ni kifurushi

Unajua vile king'amuzi cha TV kinanunuliwa mara moja, lakini kifurushi kinalipiwa kila mwezi? Hapa ni vivyo hivyo. Mashine inaweza kuuzwa bei ya chini kwa sababu biashara yenyewe iko kwenye kapsuli.

Hebu tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako ulizoziona dukani. Tuseme mashine ni KSh 18,000 na kapsuli moja ni KSh 80. Ukinywa vikombe 2 kwa siku:

- Kwa mwezi: kapsuli 60 × 80 = KSh 4,800
- Kwa mwaka: KSh 57,600

Kufikia mwezi wa nne, kapsuli zitakuwa zimekula pesa nyingi kuliko mashine yenyewe. Na hapo ni mtu mmoja. Kama nyumbani mko wawili, zidisha mara mbili. Wageni nao wana masikio, watasikia una mashine.

Angalia pia uzito. Kapsuli ndogo ya espresso huwa na gramu 5 hivi za kahawa. Kwa hiyo kilo moja ni kama kapsuli 200, na kwa bei yetu ya mfano hiyo ni KSh 16,000 kwa kilo! Sasa chukua pakiti ya kahawa ya unga ya gramu 250 kwa KSh 600: hiyo ni KSh 2,400 kwa kilo. Hata ukitumia gramu 12 kwa kikombe kikubwa, kila kikombe kinakugharimu kama bob 29. Vikombe vile vile 60 vinakuja kama KSh 1,730 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya KSh 3,000 kila mwezi. Kama urahisi unakufaa kwa bei hiyo, sawa kabisa, ni pesa yako. La muhimu ni ujue mapema.

Kapsuli haziingiliani

Hapa ndipo dadangu aliteleza. Kapsuli za mashine moja mara nyingi haziingii nyingine, hata zikiwa za kampuni moja. Chukua Nespresso: mashine za Original zinatumia kapsuli ndogo, na za Vertuo zinatumia zile za umbo la kuba ambazo mashine husoma alama zilizo kwenye ukingo wake. Huwezi kubadilishana. Dolce Gusto, ambayo pia ni ya Nestlé, ina kapsuli zake tofauti. K-Cup zinazopendwa sana Marekani nazo ni kivyake.

Aina ya Original ina afueni moja: kampuni nyingi nyingine hutengeneza kapsuli zinazoingia, kwa hiyo una nafasi ya kulinganisha bei. Kuna pia podi za karatasi ziitwazo E.S.E., zenye gramu 7 hivi, ambazo hazimilikiwi na kampuni moja. Aina nyingine zinakufunga kwa muuzaji mmoja, na akipandisha bei huna pa kukimbilia.

Kwa hivyo geuza utaratibu. Kwanza nenda supamaketi unayonunua vitu kila wiki, uone ni kapsuli gani ziko kwa rafu na zinauzwa ngapi. Rudi tena baada ya wiki mbili uone kama bado zipo. Ndipo uchague mashine inayotumia hizo.

Umeme na maji

Kama kuna mtu anakuletea mashine kutoka Marekani, mwambie asubiri kidogo. Umeme wa nyumbani kule ni volti 120, wetu ni 240. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la miguu tu, volti inaacha vile zilivyo. Ukichomeka, mashine inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Geuza mashine usome kibandiko cha chini: kinafaa kuandikwa 220–240V.

Tokeni zisikutie wasiwasi sana. Mashine nyingi hizi hutumia kama wati 1,200 hadi 1,500, lakini kwa muda mfupi. Uniti moja inaweza kukupa zaidi ya vikombe 20.

Maji ndiyo ya kuangaliwa. Kama birika lako la umeme linajenga ukoko mweupe ndani, ukoko huo huo utajengeka ndani ya mashine mahali huwezi kuuona. Kahawa itaanza kutoka polepole na ikiwa vuguvugu. Tumia maji yaliyochujwa, hasa kama mnatumia ya kisima. Safisha mashine kwa dawa yake ya kuondoa ukoko kila baada ya miezi mitatu hivi, au taa ya onyo ikiwaka. Usikimbilie siki: baadhi ya watengenezaji, Nespresso ikiwemo, wanasema inaweza kuharibu mashine. Mwaga maji yaliyolala kwenye tangi, na toa kapsuli iliyotumika badala ya kuiacha ndani hadi kesho.

Ukiamua kununua, lipa hivi

1. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Ukilipa kwa Till au Paybill, jina linalotokea kwa skrini linafaa kuwa la duka unalonunua. Likiwa la mtu usiyemjua, simama hapo.
2. Usitume "deposit" kwa namba ya mtu binafsi eti akuwekee ya mwisho. Omba kulipa ukishaipokea na kuijaribu.
3. Ijaribu mbele ya muuzaji. Beba kapsuli moja uliyonunua supamaketi. Ikiingia na kahawa ikatoka, lipa.
4. Omba risiti na waranti, na usifute ujumbe wa malipo. Mashine ikikataa kuwaka baada ya mwezi, hivyo ndivyo vitakusemea.
5. Ukilipa pole pole, jumlisha yote. Bob 100 kwa siku inasikika kidogo, lakini kwa siku 300 ni KSh 30,000. Linganisha na bei ya kulipa mara moja.
6. Usikope kwa ajili ya kapsuli. Kama bajeti ya mwezi haiwezi kubeba kapsuli, haiwezi kubeba mashine.

Kuna mtihani mdogo ambao mimi naupenda. Kabla ya kununua, fungua akiba kwenye simu, uipe jina "Kahawa", na kwa miezi mitatu weka humo kiasi ambacho ungetumia kwa kapsuli. Ukiweza bila kuitoa katikati ya mwezi, mashine unaiweza, na tayari una sehemu kubwa ya bei yake. Ukishindwa, umejua bila kupoteza kitu.

Na kama hesabu imekataa?

Kahawa nzuri haijakukimbia. Kenya inalima kahawa inayotafutwa duniani kote, kutoka Nyeri, Kirinyaga, Kiambu na kwingineko, na japo sehemu kubwa inauzwa nje, kahawa iliyokaangwa na kusagwa hapa hapa nchini iko supamaketi. Jagi la kuchuja kwa kubonyeza, lile la French press, halihitaji umeme wala kapsuli: weka unga, mimina maji ya moto, subiri dakika 4, bonyeza. Kama mashine unayo tayari, uliza kama kuna kapsuli ya kujaza mwenyewe inayoingia modeli yako. Utajaza kahawa unayotaka, na takataka zitapungua.

Dadangu sasa anatumia jagi la kubonyeza. Pesa ya kapsuli inaingia kwa akiba kila mwisho wa mwezi. Juzi alinitumia picha ya blenda iliyokuwa kwa ofa, na chini yake akaandika swali moja tu: "Hii nayo, kila mwezi itataka nini?"