Mwanamke wa Kibajuni akiulizwa hali ya afya yake

Kwa jumla, unaionaje afya yako: nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya? Swali hili fupi lina uzito wa ajabu. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27, na karibu zote zilionyesha kuwa anayejibu "mbaya" yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hata baada ya kuzingatia maradhi anayojulikana kuwa nayo.

Marekani swali hilo limezua fumbo. Wahamiaji kutoka Meksiko, wanawake kwa wanaume, mara nyingi huiona afya yao duni kuliko wenye asili hiyo waliozaliwa Marekani, ilhali wahamiaji ndio huishi zaidi. Sehemu ya maelezo ni kwamba anayehama kutafuta kazi aghalabu ni mwenye nguvu. Mgonjwa hubaki kwao.

Kwa Wabajuni, watu wa pwani ya kusini mwa Somalia na kaskazini mwa Kenya, fumbo hilo nisingelitarajia. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatoa watu Kismayu na visiwa vya Chula, Koyama na Chovai, wakashuka kwa majahazi hadi Lamu na Mombasa. Vita havichagui wenye afya: walikimbia wajawazito, vikongwe na wagonjwa. Upande wa Kenya, Faza na Kizingitini, waliwakuta Wabajuni wenzao, lugha moja na dini moja. Kilichowatenga ni kitambulisho, na asiye nacho huweza kuiogopa hata hospitali.

Jibu lenyewe pia hutegemea mtu anajilinganisha na nani. Mwaka 2002 Amartya Sen alieleza kuwa watu wa Kerala, jimbo la India lenye umri mrefu wa kuishi, hutaja maradhi mengi kuliko watu wa Bihar, wanaokufa mapema zaidi. Penye shule na zahanati, watu hujifunza kuyatambua maradhi yao. Basi mama aliyebaki kisiwani, ambaye hospitali kwake ni safari ya bahari hadi Kismayu, huenda akakiona kizunguzungu cha kila siku kuwa ndio uzee. Akisema hajambo, ni dhuluma kumwandika mzima na kupeleka dawa kwingine.

Tena pwani shukrani hutangulia malalamiko. Anayeuliza awe mwanamke ajuaye Kibajuni, aipokee "alhamdulillahi" bila kuiandika kuwa jibu, aulize tena kuhusu usingizi, miguu na uzazi, kisha ampime presha.