Jinsi ya Kulinganisha Bia, Nyumbani na Baa

Mteja anapoagiza bia katika baa nyingi za Tanzania, mhudumu humuuliza kwanza: ya baridi au ya moto? Ya moto hapa si iliyochemshwa, bali ni ile iliyotolewa kwenye kreti bila kupita katika friji. Swali hilo la kawaida lina uzito kuliko linavyoonekana. Bia iliyopozwa hadi kukaribia kuganda huficha utamu wa kimea cha shayiri na uchungu wa hopsi. Huficha pia kasoro, na hilo ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoshughulikia maslahi ya mtumiaji. Bia nzuri na bia iliyopoteza ubora, zikipozwa kupita kiasi, hukaribia kufanana mdomoni.

Katika makala haya tunaeleza namna mtumiaji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anavyoweza kulinganisha bia kwa haki, ili fedha yake impatie kile alichokikusudia. Hatupendekezi bia ya kiwanda chochote, wala hatumshawishi asiyekunywa aanze kunywa.

Soma kabla ya kuonja

Ulinganisho wowote huanzia kwenye lebo. Tafuta mambo matatu: ujazo, kiwango cha kilevi na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ujazo hutajwa kwa mililita. Tuchukue mfano wa chupa mbili zilizopangwa rafu moja: ya mililita 500 kwa shilingi 2,500 na ya mililita 330 kwa shilingi 2,000. Ya pili inaonekana kuwa nafuu. Ukigawa bei kwa ujazo, utaona kwamba mililita 100 za chupa kubwa zinagharimu shilingi 500, na za chupa ndogo zinazidi kidogo shilingi 600. Huenda bado ukaichagua ndogo kwa sababu ya ladha yake, nayo ni haki yako. Lakini utakuwa umechagua ukijua.

Kiwango cha kilevi huandikwa kwa asilimia ya ujazo, na hapo ndipo wengi hukosea. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4 ina mililita 20 za kilevi halisi. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 6.5 ina mililita 21 na ushee. Maana yake ni kwamba chupa ndogo imeizidi kubwa. Kwa hiyo anayehesabu chupa alizokunywa bila kusoma asilimia hajui kiasi alichokunywa. Maneno kama "nyepesi" au "maalumu" hayatoshi kukupa jibu. Tarakimu ndiyo inayotoa jibu.

Tarehe nayo isipuuzwe. Bia nyingi za viwandani hazizidi ubora kwa kukaa, hupungua. Bia iliyokaa mno hupoteza harufu ya hopsi, na mara nyingi huacha ladha inayofanana na karatasi iliyolowa. Kwa bia iliyotengenezwa nchini, angalia pia alama ya ubora ya TBS pamoja na stempu ya kodi ya kielektroniki.

Jua na joto

Chupa mbili za kundi moja la uzalishaji zaweza kutofautiana kwa sababu ya mahali zilipohifadhiwa tu. Mwanga wa jua hubadilisha viambata vya hopsi na kuipa bia harufu kali inayokera. Chupa ya rangi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na ile isiyo na rangi huzuia kidogo zaidi. Kopo huuzuia wote. Joto nalo huharakisha kuzeeka kwa bia, hata ikiwa ndani ya kopo.

Hivyo, unapoona kreti zimeanikwa juani mbele ya grosari tangu asubuhi, usisite kuomba chupa iliyohifadhiwa ndani, kivulini. Kuiweka bia hiyo katika friji baadaye hakurudishi ubora uliokwisha kupotea.

Kuonja nyumbani

Chagua bia tatu, si zaidi, na uwaalike wenzako wawili au watatu ili kila mmoja apate kiasi kidogo. Zipoze zote pamoja katika friji moja, kisha zitoe na uziache kwa dakika kama 10 kabla ya kufungua. Tumia bilauri za kioo zilizooshwa na kusuuzwa vizuri, kwa sababu mafuta na mabaki ya sabuni huua povu.

Mtu mmoja amimine mahali ambapo wengine hawaoni, na kila bilauri ipewe namba. Majina yakionekana, wengi wetu huisifu bia tuliyoizoea hata kabla haijafika kinywani. Anzeni na yenye kilevi kidogo mkimalizia na yenye kilevi kikubwa, na kati ya bia na bia mnywe maji. Tazameni rangi na povu, nuseni, kisha mwonje na kuandika maneno machache: tamu, chungu, chachu, nzito, nyepesi. Mililita 100 kwa kila bia zinamtosha mtu mmoja. Ulimi uliokwisha kunywa chupa mbili haupimi tena sawasawa.

Katika baa

Baa hukupa nafasi ya kujaribu bia usiyoijua bila kununua nyingi, lakini tahadhari yake ni tofauti. Uliza bei kabla ya kuagiza. Omba chupa ifunguliwe mbele yako, na utazame kama kizibo kimekaa sawa na lebo haijachubuliwa. Iwapo utaondoka na chupa ya kurejeshwa, ulizia mapema kiasi cha amana na utaratibu wa kurudishiwa.

Kwa bia inayokingwa kutoka kwenye pipa, tazama bilauri. Mapovu madogo yaliyong'ang'ania pembeni mwa kioo ni dalili ya bilauri isiyo safi. Ladha ya uchachu isiyotarajiwa yaweza kutokana na mirija isiyosafishwa. Vilevile, povu si mbadala wa kinywaji ulicholipia. Ukiletewa bilauri iliyojaa povu, omba kwa heshima ijazwe.

Baada ya kuonja

Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi. Kwa kawaida mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, hivyo chupa hiyo moja huhitaji saa mbili au zaidi. Kahawa, maji baridi na supu haviharakishi kazi hiyo. Ushauri wetu ni mmoja: aliyekunywa asiendeshe gari, pikipiki wala bajaji. Mjamzito asinywe kabisa, na anayetumia dawa amuulize kwanza mtaalamu wa afya.

Ukigundua kasoro

Ukikuta bia iliyopita tarehe, yenye kitu kisichofahamika ndani yake, au unayoishuku kuwa bandia, acha kuinywa na umweleze muuzaji papo hapo. Usiimwage. Hifadhi chupa, kizibo na risiti, na uandike namba ya kundi la uzalishaji, jina la duka au baa, na tarehe uliyonunua. Masuala ya ubora na usalama hupelekwa TBS, ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani, na ya ujazo pungufu Wakala wa Vipimo.

Watu wengi humwaga bia mbovu, wakaagiza nyingine na kunyamaza. Muuzaji naye huendelea kuwauzia wengine kreti ile ile. Chupa moja iliyohifadhiwa pamoja na risiti yake humwezesha mkaguzi kufuatilia kundi zima, na kuwakinga watu ambao bado hawajaletewa chupa zao mezani.